BESI KUBWA NA SAUTI YAKE: JINSI YA KUCHAGUA MAIKROFONI NA PIKAPU

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, Siku ya Kukutana, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa. Katika barua ya mwaliko, Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya nidhamu kazini, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali. Nilimjibu kwamba habari za nidhamu kazini mmekwisha zisikia za kutosha, na kwamba mimi nina deni katika ukumbi huu huu, na dawa ya deni ni kulipa. Akaniuliza deni gani. Nikamwambia ni deni la besi.

Wale waliokuwapo katika mkutano wetu wa miaka mitatu iliyopita watakumbuka. Tulialika kikundi cha taarabu cha wazee, na ndani yake alikuwamo mzee mmoja wa Kilwa Kivinje, fundi wa majahazi, ambaye alijifunza kupiga besi kubwa Unguja akiwa kijana. Besi hiyo ilisafiri juu ya basi, imefungwa magodoro mawili, mpaka ikafika hapa salama. Mtu wa mitambo siku ile nilikuwa mimi. Nilijitolea mwenyewe, hakuna aliyenishika shati. Nyimbo mbili za kwanza besi ilipiga yowe kama king'ora cha meli. Nikaipunguza. Ikapiga tena. Nikaipunguza zaidi mpaka ikawa haisikiki kabisa. Mwisho nikamfuata mzee jukwaani, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Mzee, pumzika kidogo, kijana wa kinanda ataipiga besi kwa mkono wa kushoto." Mzee hakusema neno. Alilaza besi yake sakafuni, akakaa kitini kando yake, akakaa hivyo hivyo mpaka saa sita ya usiku.

Ndugu zangu, kosa lile halikuwa la mzee wala la besi. Lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la kutojua. Leo nataka niwaeleze nilichojifunza tangu siku ile, ili asiwepo tena mzee wa kulazwa na besi yake kwa ujinga wa mtu wa mitambo.

Kwanza tuijue besi yenyewe. Katika fidla zote yeye ndiye mkubwa. Mpigaji husimama naye kama watu wawili wanaosalimiana. Ana nyuzi nne, na kila uzi, toka mwanzo wa shingo mpaka juu ya kile kibao kinachoinua nyuzi ambacho tukiite daraja, una urefu wa sentimita 105 hivi. Ndani ya tumbo lake kimesimama kijiti kinachounganisha ubao wa mbele na wa nyuma. Wafaransa hukiita roho, na kweli ni roho, maana kikianguka, sauti imekufa. Katika taarabu hupigwa zaidi kwa vidole kuliko kwa upinde. Wenzetu wa Unguja waliipokea katikati ya karne ya 20, walipokuwa wakipanua bendi zao kwa mtindo wa Misri, wenye fidla nyingi, ganuni, udi, nai na akodiani. Vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vimeitunza mpaka leo. Mimi nilipopelekwa Unguja kikazi nilipata bahati ya kujifunza kidogo nyakati za jioni. Sikufika mbali. Lakini vidole vyangu vilitoka malengelenge ya kutosha kunifundisha heshima.

Huku bara, vikundi vingi vya taarabu vilishika gitaa la besi la umeme tangu zamani. Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, magitaa ya umeme ndiyo yaliyoleta ladha yao mpya. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikaja taarabu ya kisasa, na kinanda kikachukua kazi za watu wanne. Sisemi hayo ni mabaya. Nimecheza nyimbo hizo kwenye harusi za dada zangu, na nitazicheza tena. Lakini ni lazima tujue kwa nini besi kubwa ilishindwa. Haikushindwa kwa utamu wala kwa mpigaji. Ilishindwa kwa sababu, siku magitaa na vinanda vilipotiwa umeme, yeye aliachwa na tumbo lake la mbao peke yake, na waliotaka kumsaidia hawakujua pa kumshika.

Naomba sasa wanafunzi wa Fizikia wanisikilize. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Unaofuata mara 55, wa tatu mara 73, na mwembamba mara 98. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Gawanya 340 kwa 41, utapata wimbi la meta nane na zaidi. Ukumbi wetu huu upana wake hauzidi sana wimbi moja la uzi mnene. Ndiyo maana sauti ya besi haikai mbele ya mpigaji kama sauti ya nai. Inajaa chumba, inazunguka nguzo, inapiga bati la paa, inarudi. Spika ndogo haiwezi kuitoa sawasawa, na maikrofoni isiyowekwa vizuri huiokota ikitoka na ikirudi pia.

Na hapo ndipo yowe linapozaliwa. Maikrofoni inaokota sauti ya besi, amplifaya inaikuza, spika inaitupa ukumbini. Sauti hiyo inarudi na kupiga ubao mpana wa besi, ubao unatikisika bila kuguswa, maikrofoni inaokota tena, na mzunguko unaendelea mpaka watu wanaziba masikio. Kila besi ina sauti zake za asili ambazo tumbo lake linazipenda, aghalabu moja karibu na mitikisiko 60 na nyingine karibu na 100. Hizo ndizo zinazowahi kupiga yowe. Usiku ule nilikuwa nimeweka maikrofoni ya waimbaji meta moja mbele ya besi, na spika nimezipanga nyuma ya wapigaji, ili wajisikie vizuri! Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemwelekezea mzee bunduki, kisha nikamlaumu kwa kupiga kelele.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kivinje kuomba radhi. Nilimkuta mzee ufukweni chini ya mwembe, akigonga mbao za mashua iliyopandishwa kwa ukarabati. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kugonga. Nikasema nilichokuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa nyundo ya mti. "Gonga hapa," akasema. Nikagonga. "Na hapa." Nikagonga. "Umesikia tofauti?" Nikasema nimesikia. Akaniambia, "Hapa ubao mzima, hapa umeanza kuoza. Ubao hausemi mahali pote sawa. Wewe usiku ule uliiweka ile mashine yako hewani, ikawa inasikiliza ukumbi mzima isipokuwa mimi."

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, nikarudi nimefundishwa. Maana swali lote la kuchagua maikrofoni na pikapu limo katika maneno hayo: unataka kusikiliza wapi? Hewani, mahali sauti inapojaa uzuri wake, au kwenye ubao, mahali inapozaliwa?

Anayesikiliza hewani ni maikrofoni. Anayesikiliza kwenye ubao ni pikapu. (Vijana msicheke. Sina maana ya gari la kubebea korosho.)

Nianze na maikrofoni, na zipo za namna mbili tunazokutana nazo. Ya kwanza ni ile ya dainamiki, yenye koili na sumaku, kama zile Shure SM57 na SM58 zilizotoka mwaka 1965 na 1966 na ambazo mpaka leo mnaziona katika kila jukwaa, msikiti na mkutano wa hadhara. Sifa yake ni ugumu. Ikianguka, unaifuta vumbi na kuendelea. Haidai umeme wake yenyewe. Upungufu wake kwa besi ni kwamba inataka ikaribie sana. Ipo hila ya zamani ya wapiga besi: unaizungushia sponji, unaipenyeza katika nafasi ya daraja au chini ya kibao kinachoshika nyuzi, ikikaa imebanwa hapo kama mtoto mgongoni. Hila hii haina gharama, na kwa kikundi kisicho na fedha ndiyo ningeanza nayo. Nayo ina sababu ya kisayansi. Ukiisogeza maikrofoni kutoka meta moja mpaka nusu meta, nguvu ya sauti inayoifikia moja kwa moja huongezeka karibu mara mbili, wakati sauti inayorudi kutoka ukumbini haibadiliki. Unapata besi zaidi na ukumbi kidogo.

Ya pili ni kondensa. Hii ni nyepesi na ina sikio kali. Husikia mguso wa kidole na pumzi ya mbao. Zamani ilikuwa kitu cha studio tu. Lakini mwaka 1962, katika maabara ya Bell kule Marekani, Gerhard Sessler na James West walitengeneza aina ya kondensa inayohifadhi chaji yake yenyewe, na tangu hapo zikawezekana maikrofoni ndogo kama punje ya kunde. Siku hizi ziko zinazofungwa kwa kibano kwenye besi yenyewe, kama DPA 4099. Ni nzuri kweli. Lakini nyingi zinadai umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na mikisa ndogo tunazokodi huku hazinao zote. Uliza kabla ya kununua. Kadhalika kondensa haipendi unyevu. Hewa ya Kilwa na Lindi mnaijua: kufuli jipya mwezi wa kwanza limeota kutu. Kondensa ikiingia unyevu huanza kukwaruza kama mafuta yanayokaangia dagaa. Iwekwe katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyonyonya maji ambavyo tunavitupa tukinunua viatu. Msivitupe.

Maikrofoni nyingi za jukwaani zina uso na kisogo. Husikia zaidi mbele, na nyuma karibu hazisikii. Basi kisogo kielekezwe kwenye spika. Lakini msitegemee kisogo peke yake, maana sauti nzito huzunguka kona.

Sasa pikapu. Fikra ya kuisaidia besi kwa umeme si mpya. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, mpiga besi, jina lake Everett Hull, alitia maikrofoni ndani ya tumbo la besi kwa kupitia mguu wake wa chuma, na kutokana na mguu huo likazaliwa jina la kampuni ya Ampeg. Baadaye zikaja pikapu za piezo. Msingi wake uligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie: ziko fuwele ambazo ukizibana hutoa umeme kidogo. Bandika kipande cha namna hiyo kwenye daraja la besi, au kitie chini ya mguu wa daraja, nyuzi zikitikisika daraja litakibana na kukiachia, nacho kitatoa umeme unaofuata mtikisiko ule ule. Hakisikii ukumbi wala waimbaji, na mtoto anayelia mstari wa mbele hakimhusu. Kwa hiyo kupiga yowe kunapungua sana. Zinatengenezwa na makampuni mengi. Fishman hubana pikapu kwenye mabawa ya daraja, na Realist hukaa chini ya mguu wake.

Ipo pia pikapu ya sumaku, kama ya gitaa. Hiyo hufanya kazi kwa nyuzi za chuma tu. Besi ya mzee wetu ina uzi mmoja wa nailoni alioufunga mwenyewe baada ya ule wa zamani kukatika. Pikapu ya sumaku ingeusikia uzi huo kama kiziwi anavyosikia adhana. Basi kabla ya kununua, tazama nyuzi.

Mimi nilinunua piezo. Nikafurahi, nikasema tumemaliza. Tukaenda nayo kwenye harusi moja Lindi mjini, nikachomeka waya wa pikapu moja kwa moja kwenye mikisa. Ndugu zangu, ilitoka sauti kama korosho zinazoanguka kwenye bati. Ta, ta, ta. Mzee alinitazama. Sikuweza kumtazama.

Kosa langu la pili nalo lina hesabu, na hesabu hii ningependa kidato cha tatu na cha nne waiandike. Pikapu ya piezo ni kama kapasita ndogo. Tuseme uwezo wake ni nanofaradi 1. Kapasita hiyo ikikutana na ukinzani wa mlango wa mikisa, vinakuwa chujio linalozuia sauti nzito. Mpaka wa chujio hupatikana kwa kugawanya 1 kwa 2 mara pai mara ukinzani mara uwezo wa kapasita. Mlango wa mikisa ukiwa na ohm 10,000, mpaka ni mitikisiko kama 15,900 kwa sekunde. Besi yote imebaki nje ya mlango! Ohm zikiwa milioni 1, mpaka ni 159, na bado nyuzi zote nne zikiwa wazi ziko chini yake. Uzi wa 41 unabaki na robo tu ya nguvu zake. Ohm zikiwa milioni 10, mpaka unashuka hadi 16, na besi inapita yote na shingo yake. Pikapu zenye uwezo mkubwa zaidi huridhika na milioni 1. Kwa hiyo kati ya piezo na mikisa lazima kiwepo kikasha kidogo cha kupokea, ambacho mafundi hukiita priamplifaya, chenye mlango wa ohm milioni 1 mpaka milioni 10. Kinatumia betri ya volti 9. Bila kikasha hicho, piezo ya bei kubwa na ya bei ndogo zote ni korosho kwenye bati.

Nilipokipata kikasha, mambo yakabadilika. Mzee akapiga noti ya kwanza, akatulia kidogo, akasema, "Sasa hapo umenifungua mdomo." Lakini mpiga besi hodari haachi kudai. Akaniambia sauti imekuwa nzito vizuri ila imekauka, kama muhogo uliokaa juani, haina mbao ndani yake. Alisema kweli. Piezo husikia shinikizo la nyuzi kuliko pumzi ya tumbo. Hapo ndipo tulipofikia mpango tunaoutumia sasa, nao ni ndoa ya vifaa viwili. Pikapu inabeba sauti za chini, ambako yowe linatokea. Maikrofoni ndogo iliyobanwa karibu na daraja inabeba sauti za juu tu, ambako uzuri wa mbao unasikika. Kwenye mikisa tunaizuia maikrofoni isipitishe chochote chini ya mitikisiko 150 au 200. Na kwa vyote viwili tunakata kila kilicho chini ya 35, maana huko hakuna noti ya besi, kuna vishindo vya miguu na upepo wa baharini tu.

Katika ndoa hiyo jihadharini na ugomvi mmoja. Maikrofoni ikiwa mbali na ubao kwa sentimita 34, sauti huifikia ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, wakati pikapu imekwisha isikia. Wakati mwingine mmoja anasukuma na mwenzake anavuta, na sauti inakonda badala ya kunenepa. Kwenye vikasha vingi na mikisa nyingi kipo kitufe cha kugeuza mwelekeo wa mawimbi. Sikiliza vyote viwili pamoja, bonyeza, sikiliza tena, chagua palipo na unene. Masikio yako yatakuambia upesi kuliko kitabu.

Na pikapu ibandikwe wapi? Rudini kwa nyundo ya mzee. Tulitumia gundi laini ya kubandika karatasi ukutani, tukajaribu mahali sita juu ya daraja na ubao, mzee akipiga wimbo ule ule na mimi nikisikiliza mwisho wa uwanja. Mahali pengine palitoa sauti ya pua, pengine uzi mmoja ulizidi wengine. Tulipopapata, tukapatia alama kwa penseli. Kila besi ina mahali pake, na haipatikani kwa kusoma karatasi ya dukani.

Kwa wale watakaopewa kazi hii baada yangu, naweka muhtasari. Moja, spika zitangulie mbele ya wapigaji, zisiwape kisogo wasikilizaji wala uso wapigaji. Mbili, kama fedha ni ya kitu kimoja, anza na maikrofoni ya dainamiki mliyonayo na kipande cha sponji. Tatu, ikipatikana fedha, nunueni pikapu na kikasha chake kwa pamoja, siyo kimoja leo na kingine mwakani. Nne, ikizidi, ndipo maikrofoni ndogo ya kondensa. Tano, kwa kurekodi mahali pa kimya, achaneni na pikapu: wekeni kondensa moja nzuri nusu meta mbele ya daraja, zimeni feni, fungeni madirisha, na mkae kimya. Sita, besi isiachwe ndani ya gari juani, maana gundi inayoishika hulegea kwa joto na unyevu, na besi iliyofumuka si mashua ya kutiwa kalafati.

Hilo la kurekodi nalisisitiza. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri za HMV, na kwa sababu hiyo ingalipo, ingawa yeye alifariki mwaka 1950. Wazee wetu wa Kilwa na Lindi hawakuvuka, na wengi wameondoka na nyimbo zao vifuani. Leo hatuhitaji Bombay. Tunahitaji maikrofoni moja, chumba kimoja kimya, na kijana mmoja anayejua anachokifanya.

Atatokea mtu aseme kwamba besi ni ya Wazungu, maikrofoni ni ya Wazungu, sisi vyatuhusu nini? Namwomba avuke maji akatazame magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu wa pwani hii walinunua mabakuli ya China wakayapachika katika kuta walizojenga wenyewe kwa mawe ya matumbawe. Bakuli lilikuwa la mgeni, nyumba ilikuwa yao. Na sisi tununue bakuli, lakini nyumba tuijenge wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na ombi. Najua katika ajenda ya kesho limo pendekezo la kununua spika kubwa mbili kwa mfuko wa wanafunzi wa zamani. Naomba lifikiriwe upya. Spika kubwa ingelikuza kosa langu la miaka mitatu iliyopita, isingelisahihisha. Kwa fedha pungufu ya hizo tunaweza kupata pikapu, kikasha na maikrofoni ndogo, vyote vikaingia katika mkoba mmoja wa mkononi. Na barabara yetu mnaijua. Mwezi wa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata pale Somanga, magari yalisimama pande zote mbili. Siku kama hiyo, mwenye mkoba wa mkononi atafika kabla ya mwenye spika. Napendekeza vifaa vikae hapa shuleni, viandikwe katika daftari, atakayevichukua atie sahihi, na atakayevirudisha atie sahihi. Hapo nimeingiza nidhamu kazini, ili Ndugu Katibu asiseme nimemnyima kabisa.

Kuna vijana wawili wa kidato cha tatu ambao tangu mwezi wa pili wanakwenda Kivinje kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kujifunza besi kwa mzee. Mikono yao nimeiona. Malengelenge yapo. Hao nao wanahitaji chombo watakachosikika nacho, ama sivyo tutawafundisha kisha tuwalaze sakafuni.

Mwisho kabisa. Mzee wetu amekubali kuja tena. Haikuwa rahisi. Nilikwenda mara tatu, na mara ya tatu aliniuliza nani atakaa kwenye mitambo. Nikasema ni mimi. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema, "Basi nitakuja mapema, tuisikilize wote wawili kabla watu hawajaingia." Leo saa tisa tuliisikiliza, ukumbi ukiwa mtupu. Yeye yupo hapo mlangoni, na besi yake imesimama jukwaani.

Mzee, shikamoo. Mbele ya watu wale wale niliokunyamazisha mbele yao, naomba radhi. Usiku huu jukwaa ni lako, na mimi nipo nyuma kwenye vitufe.